Kitabu cha Mwaka Jana: Historia Fupi ya Vitabu vya Kujifunzia Kiswahili Nyumbani

Katika mji wa Bujumbura, Kiswahili hakiishi kwa namna moja. Mtoto wa Buyenzi hukipata uani, sokoni na mtaani kabla hajashika kitabu. Kitabu kikikosea, mtaa humsahihisha. Mtoto wa Kinanira, upande wa kusini wa mji, aghalabu hulelewa kwa Kirundi na Kifaransa. Wazazi wake wakiamua kumfunza Kiswahili nyumbani, kitabu ndicho jirani yake wa pekee anayekisema. Kwa hiyo kitabu cha mwaka huu kinapopingana na cha mwaka jana, mtoto huyu hana wa kumwamulia, na mara nyingi mzazi huja kwetu walimu kuuliza kipi ni kweli.

Swali hilo lina historia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vitabu vya kujifunzia nyumbani vimebadilika kwa sababu tatu tofauti: lugha iliposanifishwa, wataalamu walipobadili namna ya kuieleza, na siasa ya elimu ilipogeuka. Mwalimu azijuaye sababu hizo ataweza kumwambia mzazi badiliko gani alifuate, na lipi lisimtie hofu.

Kusanifishwa kwa lugha

Vitabu vya kwanza vya kujifunza Kiswahili peke yako viliandikwa kwa ajili ya wageni. Edward Steere alitoa kitabu chake cha mwongozo mwaka 1870, akifuata Kiunguja. Kamusi ya Johann Ludwig Krapf ilichapishwa mwaka 1882, nayo iliegemea Kimvita. Msomaji aliyekuwa na vyote viwili mezani alikuta huku njia, kule ndia, wala hapakuwa na kosa popote. Kila mwandishi aliandika alivyosikia mahali alipokaa.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kamati hiyo ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ilipitia miswada ya vitabu vya shule, ikasawazisha tahajia na maneno. Burundi, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo. Hata hivyo Kiswahili sanifu tunachofundisha leo ni zao la kazi hiyo. Badiliko la namna hii hapana budi lifuatwe katika maandishi. Lakini lisitufanye tumwambie mtoto kwamba ndia ni neno bovu. Ni neno la Kimvita, lenye washairi wake na heshima yake.

Namna ya kuieleza lugha

Sababu ya pili ndiyo inayowasumbua zaidi wanaojifunza nyumbani. E. O. Ashton alitoa sarufi yake mwaka 1944, na D. V. Perrott akafuata mwaka 1951 kwa kitabu kilichokusudiwa hasa mtu anayejifunza bila mwalimu. Katika mapokeo ya vitabu hivyo ngeli zilitajwa kwa viambishi vya majina: M-WA, M-MI, KI-VI. Vitabu vingi vya baadaye vilipanga ngeli kwa upatanisho wa kisarufi katika sentensi, vikazitaja A-WA, U-I, KI-VI.

Tuchukue neno kipofu. Kwa umbo lake linafanana na kiti na kitabu, basi anayetazama kiambishi cha jina ataliweka katika KI-VI. Kwa upatanisho twasema kipofu amekuja, si kipofu kimekuja, basi litaingia A-WA. Mtoto aliyefunzwa kwa kitabu cha kaka yake hudhani kwamba ama kaka yake alidanganywa, ama yeye anadanganywa. Ukweli ni kwamba hakuna Mswahili aliyebadili usemi wake hata siku moja. Kilichobadilika ni mizani ya mtaalamu, wala si mzigo unaopimwa. Mwalimu akilieleza hili kwa mfano mmoja, hofu ya mzazi huondoka.

Siasa ya elimu: mfano wa Tanzania

Sababu ya tatu inaonekana wazi Tanzania kati ya 1969 na 1975, ambako majirani walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana. Kampeni ya mwaka 1969, Kupanga ni Kuchagua, ilihusu Mpango wa Pili wa Maendeleo. Ya 1970, Uchaguzi ni Wako, ilihusu uchaguzi mkuu. Wakati wa Furaha, mwaka 1971, iliadhimisha miaka kumi ya uhuru. Mtu ni Afya, mwaka 1973, ilifundisha kujikinga na malaria, kichocho, safura na maradhi mengine, na watu wapatao milioni mbili walishiriki. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai.

Yafaa tuzingatie kwamba mada ilibadilika kila mara, lakini njia haikubadilika: sikiliza, soma, jadili, kisha tenda. Katika Mtu ni Afya kutenda kulikuwa kuchimba choo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Mtu aliyezoea utaratibu huo katika kampeni moja hakupotea katika iliyofuata.

Hali kadhalika katika mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza Mwanza mwaka 1968, vitabu vya kwanza vilitofautiana kwa kazi ya msomaji. Mkulima wa pamba alikuwa na chake, mkulima wa migomba chake, mvuvi chake. Tofauti ile ilitokana na kumjua msomaji. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama asilimia 67. Kwa takwimu za serikali walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, na chini ya asilimia 10 mwaka 1986.

Hali yetu Burundi

Kwetu Kiswahili kiliingizwa katika shule za msingi, na Julai 2007 nchi ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2013 ukaanza mpango wa shule ya msingi ya miaka tisa. Wakati huohuo majirani zetu nao wanabadilika: Kenya ilianza mtaala wa umilisi katika madarasa ya chini mwaka 2019, na Tanzania ikaanza mtaala mpya Januari 2024. Mzazi wa Kinanira anayekusanya vitabu kutoka pande hizo atakuta Gredi ya Nne na Darasa la Nne katika rafu moja, kila kimoja kikiwa na mpango wake.

Ndugu walimu, mzazi akituletea vitabu viwili vinavyopingana, tuangalie kwanza mwaka na nchi ya uchapaji. Tofauti ikiwa ya tahajia au msamiati sanifu, afuate kilicho kipya. Ikiwa ni ya istilahi za sarufi, achague utaratibu mmoja, ule utakaotumika katika mtihani wa mtoto, asichanganye. Ikiwa ni ya mada na mpangilio wa masomo, basi kitabu cha zamani bado kina kazi: hadithi, methali na mazungumzo yaliyomo hayachakai kwa sababu mtaala umebadilika. Kitabu kimoja kinachosomwa kwa sauti kila jioni kitamfaa mtoto wa Kinanira kuliko vitano vinavyongoja kupatanishwa.