MAISHA BILA FEDHA: TANGU ENZI ZA KINYAGA HADI KAMBINI KWETU



Kamati imeniomba niandike jambo la historia katika toleo hili la kumbukumbu. Nimechagua jambo linalotukuta mlangoni kila asubuhi, yaani kuishi bila kushika hata faranga moja. Wengi wetu tunaona ni aibu iliyoanza siku tulipovuka mpaka. Sivyo. Watu wa vilima hivi vya Nyakabuye na wa ng'ambo ya Rusizi waliishi hivyo kwa miaka mingi sana kabla yetu.

Zamani nchi hii ya Cyangugu iliitwa Kinyaga. Katika karne ya 19 watu wake walifanya biashara na watu wa kisiwa cha Ijwi na wa magharibi ya Ziwa Kivu. Ng'ombe na mbuzi walibadilishwa kwa vyakula, na majembe ya chuma yalikuwa mali kubwa, hata mahari yalilipiwa. Watembo wa msituni walisuka bangili za nyuzi za mimea, zilizoitwa butega. Wanawake walizivaa miguuni, na hapo hapo zilitumika kununulia vitu pande zote za ziwa. Kwa hiyo hawakuwa na fedha, lakini walikuwa na kipimo ambacho muuzaji na mnunuzi walikubaliana.

Kazi nayo ililipwa kwa kazi. Majirani walikusanyika kulima shamba la mmoja, kesho la mwingine, na mwenye shamba akatoa pombe na chakula. Hata leo Wanyarwanda hukumbuka desturi hiyo kwa jina la ubudehe.

Lakini mwalimu asifundishe nusu ya somo. Maisha bila fedha hayakuwa na haki siku zote. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 ilienea Kinyaga kazi iliyoitwa uburetwa. Mkulima alimfanyia kazi chifu kwa ajili ya ardhi, bila malipo yoyote, na asiyekwenda aliweza kunyang'anywa shamba. Hapakuwa na faranga hata moja hapo, na bado mtu mmoja alikula jasho la mwenzake.

Fedha iliingia kwa mlango wa kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi Rwanda mwaka 1914, na Wabelgiji waliokuja mwaka 1916 wakaendelea. Mkulima alilazimika kutafuta kibarua ili apate sarafu ya kodi. Mwaka 1949 uburetwa ulifutwa kisheria, na mahali pake pakawekwa malipo ya fedha. Jembe likapumzika, mfuko ukaanza kulia.

Je, fedha ilimwokoa mwenye njaa? Wakati wa njaa ya Ruzagayura, mwaka 1943 na 1944, Wanyarwanda wengi walivuka kwenda Kongo kutafuta chakula. Leo sisi tumevuka kwa njia ile ile, ila tukielekea upande wa pili.

Na kwetu Zaire fedha yenyewe ilikufa tukiwa tunaitazama. Noti ya zaire milioni 5 ilipotolewa mwishoni mwa mwaka 1992, wafanyabiashara wengi waliikataa. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, na moja ilibadilishwa kwa milioni 3 za zamani. Wazazi wetu wanasimulia jinsi akiba ya maisha mazima ilivyogeuka karatasi ya kuwashia moto. Aliyekuwa na mihogo shambani alikula, na aliyekuwa na noti alimwomba.

Sasa tutazame kambini. Kuni hubadilishwa kwa unga, mafuta kwa sabuni, kushona nguo kwa maharage. Mimi nilipofundisha watoto chini ya mti, wazazi walinilipa kwa kopo la mahindi, na nilishukuru. Lakini siku mtoto wangu alipougua kabla ya mgao, nilikopa vikopo 3 vya maharage na nikarudisha 6. Mwezi uliofuata nyumba yangu ilianza na upungufu, ikabidi nikope tena. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Wako wenzetu walioweka hata kadi ya posho rehani. Huo, ndugu zangu, ni uburetwa mpya, na anayeufanya ni jirani yetu, si chifu.

Kwa hiyo naiomba Kamati na kila mkazi tukubaliane mambo matatu. Kwanza, kopo la kupimia liwe moja kambini kote, na liwekwe kwa kiongozi wa kila mtaa ili mwenye shaka aende kupima. Pili, anayekopesha chakula arudishiwe alichotoa, na akipewa zaidi iwe ni shukrani, si sharti. Tatu, kadi ya posho isishikwe na mtu asiye mwenyewe kwa deni lolote.

Najua mkono mtupu haulambwi, na anayekopesha naye ana watoto. Lakini wazee wa Kinyaga wasingeweza kuvuka ziwa na bangili zao kama wasingekuwa na hakika kwamba ng'ambo zitahesabiwa kwa haki. Siku tutakayorudi nyumbani, tukiulizwa tuliishije bila fedha, tuweze kujibu bila kuinamisha macho.



Mwalimu wenu