Vitenzi vya Kushika na Njia Vilivyofikia Mbamba Bay

Kushika kwa Kiswahili kuna namna nyingi, na kila namna ina neno lake. Aliye na mbegu ndani ya kiganja kilichofungwa amezifumbata. Amzungushiaye mwenziwe mikono humkumbatia. Amwekaye mtoto mapajani humpakata. Na mwizi au kuku atakaye kukimbia hukamatwa. Kitu kilichoshikana na kingine kimeambatana nacho, na utomvu hunata. Mwanafunzi akiyatafuta maneno haya katika kamusi ya Kiingereza, tofauti hizo humponyoka upesi. Lakini sikio likisikiliza vema litatambua kwamba yote yana silabi moja, nayo ni -ta.

Silabi hiyo haikuja kwa bahati. Kufumba ni kufunga, kama vile kufumba macho au mkono. Kufumbata ni kufumba na kukishika kilichomo ndani. Kukama ni kubana kwa mkono, kama mtu akamapo maziwa ya ng'ombe. Kukamata ni kubana pasipo kuachia. Bibi E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliutenga mnyambuliko huu peke yake kuwa ndio uonyeshao mgusano wa vitu viwili. Wasemaji wa leo hawautumii tena kuunda vitenzi vipya. Kilichobaki ni jamii ndogo ya maneno ya kale. Kiingereza nacho kina jamii yake ya kushika, yaani clasp, cling, clutch na clench, lakini maneno hayo hufanana mwanzoni, ambapo yale ya Kibantu hufanana mwishoni.

Maneno ya jamii hii hayakai pwani ya bahari tu. Katika Kinyanja, lugha ya watu wa Ziwa Nyasa ambayo jamaa zake husemwa hata katika ufuko wa Mbamba Bay, kufumbata ni kufunga kiganja juu ya kitu, na kukumbatia ni kukumbatira. Basi pana swali la historia: maneno haya yalifikaje huko? Majibu matatu yaweza kutolewa.

Jibu la kwanza ni kwamba yaliletwa na wafanya biashara wa pwani, kwa maana katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilipita kati ya Nyasa na Kilwa. La pili ni kinyume chake, kwamba yalichukuliwa pwani na mateka wenyewe. Mmoja wao, Salimini, aliyetoka nchi za Nyasa, ndiye aliyemfundisha Johannes Rebmann lugha yake huko Rabai karibu na Mombasa. Kamusi iliyotokana na kazi yao ilichapishwa mwaka 1877, baada ya kifo cha Rebmann. La tatu ni kwamba yaliletwa na Wangoni, ambao walivuka mto Zambezi mwaka 1835, na baadaye baadhi yao wakatawala nchi ya Songea, iliyo jirani na ziwa.

Majibu yote matatu yana historia ya kweli nyuma yake, lakini sauti za maneno haziyakubali. Kizulu, kilicho mbali sana na misafara ya Kilwa, kina neno fumbatha, maana yake kufumba mkono juu ya kitu. Th ya Kizulu hulingana na t ya Kiswahili kwa kanuni: tatu ni thathu, na mti ni umuthi. Neno lililo kusini kabisa, tena lenye kufuata kanuni ya sauti, halikuletwa huko na mfanya biashara wa Kilwa, wala pwani haikulazimika kungoja mateka wa Nyasa ili ilipate. Na kama Wangoni ndio walioleta fumbata ziwani, tungetazamia Kinyanja kiseme th, kwa kuwa lugha hiyo hutofautisha t na th. Lakini husema t. Kadhalika kukumbatira kumehifadhi sauti ambayo Kiswahili kimeiacha, kama vile pikia ya Kiswahili ilivyo phikira katika Kinyanja.

Kwa hiyo hapana aliyemkopesha mwenziwe. Maneno haya ni urithi wa mama mmoja, yalikuwapo kabla ya misafara, kabla ya Wangoni na kabla ya kamusi yo yote.

Jambo hili si dogo kwa watu wa ufuko huo. Mara nyingi mtoto wa ziwani huambiwa shuleni kwamba Kiswahili fasaha ni mali ya pwani, naye ni mgeni aliyekaribishwa. Asikiapo fumbata, hudhani amepewa neno jipya, kumbe bibi yake alilitumia alipofunga kiganja juu ya usipa wachache wa kitoweo. Mwalimu alijuaye hilo ataanza somo lake kwa neno la nyumbani kwa mtoto, kisha amwonyeshe ndugu yake wa pwani. Na yule atumiaye shika mahali pa yote, iwe ni ziwani au pwani, atakuwa ameuachia urithi ambao vita na utumwa havikuweza kuunyang'anya.