Kizimkazi: Pomboo Alipoacha Kuwa Chambo

Kabla mtalii wa kwanza hajavaa miwani ya kuzamia katika maji ya Kizimkazi, pomboo alikuwa chambo. Wavuvi wa kusini mwa Unguja walimchoma kwa chusa au kumzungushia nyavu, wakamkata vipande, wakavitunga kwenye ndoana kubwa na kwenda navyo kumtega papa. Nyama ya pomboo ina damu na mafuta mengi, na papa huinusa kutoka mbali. Nyama nyingine ililiwa. Wala haya si mambo ya enzi za masultani. Uwindaji huo uliendelea hadi mwaka 1996, na wapo wazee kijijini walioushiriki kwa mikono yao.

Papa ndiye aliyekuwa na bei. Nyama yake, ikipigwa chumvi na kuanikwa, ilikaa muda mrefu bila barafu na kuuzwa hadi bara. Ini lake lilitoa sifa, mafuta yanayopakwa kwenye mbao za majahazi na mashua ili maji na wadudu wasizile. Mapezi yalinunuliwa na wafanyabiashara waliokuwa na wateja wao Asia ya Mashariki. Pomboo hakuwa na soko la namna hiyo. Aliuawa kwa sababu ya samaki mwingine, na kwa mvuvi mwenye watoto wa kulisha hesabu hiyo ilieleweka.

Kijiji chenyewe ni cha kale kuliko miji mingi ya pwani inayosifiwa vitabuni. Kipo takriban kilomita 50 kutoka Mji Mkongwe, karibu na ncha ya kusini ya kisiwa, na kimegawanyika sehemu mbili: Dimbani, penye ghuba ndogo iliyokingwa na miamba, na Mkunguni, upande wa kusini zaidi. Dimbani ndipo ulipo msikiti ambao ukutani mwake, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe. Tarehe iliyomo ni mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yale yanauweka msikiti huo miongoni mwa ushahidi wa zamani kabisa wa Uislamu katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1922 mtaalamu wa maandishi ya Kufi, Samuel Flury, alichapisha uchambuzi wake, na tangu hapo Kizimkazi haikukosekana katika mijadala ya historia ya Waswahili.

Msikiti huo unastahili kutajwa hata katika habari za pomboo, kwa sababu unaonyesha kwamba watu wa hapa walikuwa na uhusiano na ulimwengu wa mbali kwa njia ya bahari karne nyingi kabla ya uwanja wa ndege. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Uarabuni na Ghuba, kusi ikavirudisha. Baina ya misimu hiyo watu walivua. Mtalii aliyekuja mwishoni mwa karne ya 20 hakuwa mgeni wa kwanza kuleta fedha ufukweni hapo. Alikuwa wa kwanza kuilipia bahari bila kutoa kitu ndani yake.

Utalii wa pomboo Kizimkazi ulianza mwaka 1992. Zanzibar ilikuwa imeufungulia mlango utalii, nyumba za wageni zilikuwa zikiota pwani ya mashariki, na habari zikaenea kwamba kusini kuna pomboo wanaoonekana karibu na nchi kavu mwaka mzima. Wageni walikuja kwa gari, wakakodi vyombo vya wavuvi, wakapelekwa kuangalia. Mvuvi aliyekuwa akirudi na pomboo mmoja wa kukatwa chambo sasa aliweza kumwonyesha pomboo yule yule kwa watu wa leo, wa kesho na wa mwezi ujao, kila mara akalipwa.

Hapo ndipo penye kiini cha historia hii. Kwa miaka minne kazi mbili zilikwenda sambamba katika maji yale yale: wengine wakiwawinda pomboo, wengine wakiwapeleka wageni kuwatazama. Ya pili ikaishinda ya kwanza. Na kilichofanya ishinde ni ujuzi ambao wavuvi walikuwa nao tayari. Aliyemwinda pomboo alijua wanapopumzika asubuhi, wanapita wapi maji yakijaa, wanakwenda wapi upepo ukigeuka. Hakuna kitabu cha mwongozo kilichoweza kumfundisha mgeni mambo hayo. Ujuzi wa kuua uligeuka kuwa ujuzi wa kuonyesha, na watu wa nje wanaopenda kudai kwamba wao ndio waliowafundisha wanakijiji kupenda mazingira wangefaa kulikumbuka hilo.

Serikali ilikuja nyuma kidogo. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai, inayoizunguka pwani ya kusini-magharibi ya Unguja, ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi lenye ukubwa wa kilomita za mraba 470. Shirika la WWF lilisaidia maandalizi na uendeshaji wa miaka ya mwanzo. Shabaha kubwa haikuwa pomboo. Iliyowasumbua watu zaidi ilikuwa baruti inayopasua matumbawe, na nyavu za kukokota zinazozoa hata vifaranga vya samaki. Kamati za uvuvi za vijiji zilipewa nafasi ya kushiriki doria, jambo la maana sana, kwa kuwa mvuvi wa kijijini hutambua chombo cha mgeni kabla mlinzi wa serikali hajashuka kwenye gari.

Wanasayansi nao walikuwa wameshaanza kazi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye makao yake Unguja, ilishirikiana na watafiti wa Sweden. Majina ya Narriman Jiddawi, Omar Amir na Per Berggren yamo katika sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu pomboo wa Zanzibar. Waliwatambua mmoja mmoja kwa picha za pezi la mgongoni, kwa maana kila pezi lina mikato na makovu yake. Waligundua kwamba kusini mwa Unguja wanaishi pomboo wa aina mbili. Wa kwanza ni pomboo wa pwani mwenye pua ya mfano wa chupa, mchezaji, ambaye ndiye wageni wengi hukutana naye. Wa pili ana nundu mgongoni, hupenda maji ya kina kifupi, na ni mwenye haya zaidi mbele ya watu na vyombo.

Idadi waliyoipata inafaa isomwe polepole. Katika eneo la kilomita za mraba 26 walikofanyia utafiti kati ya mwaka 1999 na 2002, makadirio ya pomboo wa aina ya kwanza yalikuwa baina ya 136 na 179. Wenye nundu walikuwa baina ya 58 na 65. Basi. Boti zote, mikahawa ya ufukweni, vinyago na kanga zinazouzwa njiani, madereva kutoka mjini, pamoja na sifa ya kijiji duniani, vyote vimesimama juu ya wanyama ambao wote kwa pamoja hawafiki 250. Pomboo jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, kisha humnyonyesha na kumlea kwa muda mrefu kabla ya kuzaa tena. Wakifa kumi, pengo lao haliwezi kuzibwa kwa msimu mmoja. Pomboo mwenye nundu hivi sasa yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Na wanakufa. Kusimama kwa uwindaji hakukuondoa nyavu. Jarife na nyavu nyingine za macho makubwa hutegwa usiku kwa ajili ya jodari, nguru, papa na taa, na pomboo akinasa hana muda mrefu, kwani anavuta hewa kama binadamu na lazima apande juu kupumua. Mvuvi hamtaki, anamchania nyavu na kumpotezea usiku mzima wa kazi. Watafiti waliona kwamba vifo hivyo vilikuwa vingi kuliko vinavyoweza kufidiwa na uzazi. Hata hivyo, mizoga iliyoletwa na wavuvi ilifungua mlango mwingine wa elimu. Katika matumbo 26 yaliyochunguzwa zilipatikana aina 50 za samaki wenye mifupa na aina tatu za ngisi, na aliyeliwa zaidi alikuwa mkunga mwembamba aishiye kwenye mchanga na matope. Yamefanyika pia majaribio ya kufunga kwenye nyavu vifaa vidogo vinavyotoa sauti ya kumwonya pomboo, na vilipunguza vifo. Kilichobaki ni bei yake, na nani ailipe.

Mwezi Aprili 2006 kisiwa kizima kilishtuka. Takriban pomboo 400 walikutwa wamekufa katika fukwe za Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mbali na Kizimkazi. Uchunguzi ulikuta matumbo yao matupu. Watu wa Kizimkazi hawakuhitaji kuelezwa maana ya tukio kama hilo. Kundi moja likipotelea kwenye maji ya kina kifupi, kazi ya kijiji kizima inaweza kuisha siku hiyo.

Lakini tishio linaloonekana kila asubuhi ni la namna nyingine, na linatokana na mafanikio yenyewe. Msimu wa wageni ukipamba moto, kundi moja la pomboo huzungukwa na boti nyingi kwa wakati mmoja. Boti moja ikiliona, nyingine zote hugeuza vichwa kulifuata. Mashine hunguruma, wageni hurushwa majini mbele ya wanyama, pomboo huzama, boti hukimbilia watakapoibukia, wageni hurushwa tena.

Matokeo yake yamepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba majike, hasa wenye watoto wanaonyonya, hubadili mwenendo boti na waogeleaji wanapozidi: huogelea bila kutulia, huku wakigeuka ovyo. Mwingine wa mwaka 2010 ulikuta kwamba mbele ya boti za watalii pomboo hupunguza kupumzika na kuchezeana, na huongeza mwendo. Asiyewajua anaweza kuona ni jambo dogo. Pomboo halali kama sisi. Hupumzika akiwa anaogelea taratibu, kundi likiwa limekaribiana, na muda wa kufanya hivyo ni wa mchana, ule ule ambao wageni wanamtaka. Mama asiyepumzika hupungukiwa na maziwa, na mtoto wake hukosa nguvu.

Ni rahisi kumlaumu nahodha, na lawama hiyo haimtendei haki. Safari nyingi huuzwa Mji Mkongwe na hotelini, kabla gari halijashika barabara ya kusini. Yeye aliye kwenye usukani wa boti hulipwa baada ya wengine kuchukua chao, na mgeni aliyeahidiwa mjini kwamba ataogelea na pomboo humdai yeye ile ahadi. Akikaa mbali kwa adabu, mwenzake anasogea na kupata bakshishi. Manahodha wamepewa mafunzo na mwongozo upo: kusogea taratibu kutoka ubavuni, kutolikata kundi njia, kutozidisha boti mahali pamoja, kuwaingiza wageni majini kimya. Wengi wanaujua kwa moyo. Unavunjwa kwa sababu anayeufuata hupoteza, na hapo ndipo mamlaka ya hifadhi na wauzaji wa safari wanapotakiwa kusaidia: kupanga zamu, kuweka kikomo cha boti kwa siku, na kumlipa nahodha kwa kutii.

Jina la Kizimkazi limekua zaidi katika miaka ya karibuni kwa sababu ambayo haina uhusiano na pomboo. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyezaliwa tarehe 27 Januari 1960, ana asili ya hapa, na Tamasha la Kizimkazi huwaleta maelfu ya Watanzania ambao zamani wangepita Unguja bila kufika kusini. Wengi wanaoshuka ufukweni sasa wanazungumza Kiswahili. Kuanzia Julai hadi Septemba, wakibahatika, huweza kuwaona pia nyangumi wakubwa wanaopanda kutoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa katika maji ya joto, wakirusha maji juu mbali na mwamba.

Wageni hawa wa nyumbani wana uwezo ambao Mzungu wa hotelini hana. Wanaweza kuongea na nahodha wenyewe, bila mtu wa kati. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipanga safari ya Kizimkazi, fika kijijini na upange na mwenye boti. Mwambie kabla hamjaondoka kwamba hutaki kundi lifukuzwe, na kwamba utamlipa ile ile hata kama pomboo wataonekana kwa mbali tu. Mkikuta boti zimeshajaa, mwombe asubiri au akupeleke kwenye miamba kutazama samaki kwanza. Ukiona jike na mtoto wake, usiingie majini. Na mkirudi nchi kavu, bakshishi mpe yule aliyekaa mbali.