Linki za kushea kwenye tovuti ya magemu: ile nyepesi inatosha

Vitufe vya Facebook, WhatsApp na X chini ya habari ya gemu vinafanana kwa macho, ila ndani haviko sawa. Kuna kitufe kinacholetwa na skripti ya kampuni yenyewe: ukurasa ukifunguka tu, simu ya mchezaji inawasiliana na kampuni hiyo hata kama hajabonyeza kitu. Bando linaliwa, taarifa zake nazo zinaondoka. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya duka la nguo la Ujerumani, Fashion ID, kwamba mwenye tovuti aliyeweka kitufe cha "Like" anabeba wajibu pamoja na Facebook kwa taarifa zinazokusanywa na kutumwa.

Linki ya kawaida haina mambo hayo. Kwa WhatsApp ni https://wa.me/?text= kisha maneno na anwani ya ukurasa; kwa Telegram ni https://t.me/share/url?url=. Alama maalumu zibadilishwe kwanza (nafasi huwa %20, & huwa %26), la sivyo ujumbe unakatika katikati. Discord, ambako wachezaji wengi hupiga stori, haina linki kama hiyo. Kitufe cha kunakili anwani kinatosha.

Kinachosahaulika sana ni picha. Bila lebo za og:title na og:image, ambazo Facebook ilizileta mwaka 2010, ratiba ya mashindano ya eFootball ikitupwa kwenye grupu la WhatsApp inaweza kutokea kama mstari mtupu wa anwani, na watu wanaipita tu.