Mabawa ya Umeme: Tarehe ya Mashine katika Mchezo wa Urubani

Katika michezo yote ya kompyuta, hakuna uliozidai mashine mengi, tena kwa muda mrefu, kama mchezo wa urubani. Maana mchezo mwingine humwonyesha mchezaji chumba au uwanja mmoja, bali huu humwahidi mbingu na ardhi pamoja, na kuilazimu mashine ihesabu upepo, uzito, mwendo na pembe ya mabawa, kisha iyachore yote hayo kabla jicho halijatambua kwamba limesubirishwa. Ukiongeza kuwa wachezaji waliotengana kwa maelfu ya maili hutaka kukutana katika mbingu ile ile kwa wakati mmoja, itakudhihirikia kwamba tarehe ya mchezo huu ni tarehe ya mashine zenyewe, na kwamba funzo lake ni moja: udhaifu wa mashine hauondoki bali huhama, na hodari ni yule ajuaye umehamia wapi.

Mchezo wa namna hii wenye wachezaji wengi ulitangulia kompyuta za nyumbani. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, nchini Marekani, palikuwa na mtambo wa kufundishia ulioitwa PLATO, ambao kompyuta yake moja kubwa iliwahudumia mamia ya watu waliokaa mbele ya skrini zing'aazo kwa rangi ya chungwa, kila moja ina nukta 512 kwa 512. Humo, yapata mwaka 1974, Brand Fortner na wenzake waliandika mchezo wa vita vya ndege ulioitwa Airfight. Hesabu zote zilifanywa na mtambo wa kati, na picha zikasafirishwa katika waya uliochukua biti 1,200 hivi kwa sekunde, hata mandhari ikawa haina budi kujichora taratibu. Wakati huo udhaifu ulikaa katika waya.

Katika chuo hicho hicho alisoma Bruce Artwick, aliyeandika tasnifu yake mwaka 1975 juu ya kuonyesha mruko wa ndege kwa kompyuta, kisha akaanzisha kampuni ya subLOGIC. Mchezo wake wa kwanza wa urubani wa nyumbani, uliotoka katika mpito wa 1979 na 1980, uliendeshwa na kompyuta ya Apple II yenye prosesa ya mizunguko milioni moja kwa sekunde na kumbukumbu ya kilobaiti 16, kadiri ambayo leo haitoshi kuhifadhi picha moja ndogo ya simu. Ardhi ilikuwa mistari mitupu, na mistari ile ilibadilika mara chache tu kwa sekunde. Mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ikatoa Flight Simulator ya Artwick kwa kompyuta ya IBM, na kwa kuwa programu ile ilikamua mashine hadi tone la mwisho, wanunuzi waliifanya kuwa mtihani: kompyuta iliyodaiwa kuwa sawa na ya IBM ikishindwa kuirusha ndege, dai lake lilibatilika.

Waya haukuwa tatizo tena kwa aliyeruka peke yake. Udhaifu ulikuwa umehamia katika hesabu. Prosesa za miaka ile hazikujaliwa uwezo wa asili wa kukokotoa desimali, na hewa ipitayo juu ya bawa haihesabiki vyema kwa namba kamili. Ndiyo sababu mchezo wa Falcon 3.0, uliotoka mwaka 1991, uliiweka namna yake ya uhalisi mkubwa kwa wale tu waliokuwa na chipu ya ziada ya hisabati, au waliomiliki prosesa ya 486DX iliyokuwa na chipu hiyo ndani yake.

Hesabu ilipopata nafuu, mzigo ukaangukia picha. Hapa yupo mtu mmoja anayeziunganisha zama mbili, naye ni Gary Tarolli. Katika miaka ya 1980 alikuwa katika kampuni ya Silicon Graphics, ambako aliandika programu ya ndege kwa mashine zilizouzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na baadaye ndege hizo zikapigana kwa mtandao wa ndani ya jengo. Mwaka 1994 alikuwa miongoni mwa waasisi wa kampuni ya 3dfx, ambayo mwaka 1996 ilileta kadi ya michoro ya Voodoo yenye megabaiti 4, na milima iliyokuwa fahari ya maabara ikaingia sebuleni.

Ama wale waliotaka kuruka pamoja kutoka miji mbalimbali, kama wachezaji wa mchezo wa mtandaoni wa Air Warrior waliolipia kwa saa mwishoni mwa miaka ya 1980, walisaidiwa na hila ya wahandisi: kila mashine hukisia mahali ndege ya mwenzako ilipo kwa kufuata mwendo wake wa mwisho, kisha hujisahihisha habari mpya ifikapo. Ndege iendayo mita 150 kwa sekunde, habari zake zikichelewa nusu sekunde, hukisiwa kwa umbali wa mita 75, na ikiwa imekata kona kosa huonekana kwa macho: ndege huruka ghafla kutoka mahali hadi mahali. Nusu sekunde hiyo ndiyo iliyotukalia sisi wa Afrika Mashariki, ambao mawasiliano yetu ya nje yalitegemea mno satelaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, hata kebo ya SEACOM ilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009.

Kabla ya hapo, mwaka 2006, Flight Simulator X ilikuwa imetoa onyo jingine. Iliandikwa kwa kutumaini prosesa moja yenye kasi izidiyo kila mwaka, ilhali watengenezaji walikuwa wameshageukia prosesa zenye viini vingi. Basi kiini kimoja kilielemewa, vingine vikikaa bure. Tena, kwa kuwa programu ile isingeweza kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu, rubani aliyevuka bahari kwa saa nyingi aliweza kuzimikiwa na mchezo akikaribia kutua. Mwaka 2020 Flight Simulator mpya, iliyotengenezwa na kampuni ya Asobo ya Ufaransa, iliiweka dunia nzima, zaidi ya petabaiti 2, katika kompyuta za mbali, na kuiteremsha kwa mtandao kipande kwa kipande. Mrithi wake wa 2024 aliegemea huko zaidi, na siku za kwanza seva zilielemewa hata wenye mashine za thamani wakakaa kungoja.

Kwa hiyo anayetaka kuruka vyema asikimbilie dukani kabla hajachunguza. Apunguze ukubwa wa picha: mwendo ukiwa mwepesi, kadi ya michoro ndiyo iliyoelemewa; usipobadilika, aghalabu ni prosesa. Ikiwa ardhi yapita kwa ulaini lakini ndege za wenzake zarukaruka, kosa li njiani, na fedha yoyote atakayoitia katika kadi mpya itapotea bure. Miaka hamsini ya mchezo huu inashuhudia kwamba ulinganifu wa viungo ulimfaa rubani kuliko ughali wa kiungo kimoja, na kwa wengi wetu, tununuao kwa jasho, huo ndio urithi wake wa manufaa.