Majina ya Kazi ya Wabunifu: Juba, kati ya Jina la Ukoo na Neno la Wote

Katika masomo ya isimujamii huwa tunazungumzia majina ya watu na ya mahali. Ni mara chache tunapogusa majina ya kazi, yaani yale ambayo fundi, msanii au mbunifu wa mavazi hujichagulia mwenyewe ili wateja wamfahamu kwayo. Mtu aliyeajiriwa hujulikana kwa jina la kampuni yake. Mbunifu anayejitegemea hana kinga hiyo. Inambidi aamue kama atatumia jina alilopewa na wazazi au atatafuta neno jingine, na kama ni neno, liwe la lugha gani. Makala haya yanauangalia uamuzi huo kwa kuanzia na kuishia Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini. Tunaona kwamba anayechagua jina la kazi huwa anachagua pia watu atakaosema nao, na kwamba historia ya karibuni ya mji huo inalidhihirisha jambo hili vizuri.

Kwanza tuitazame hali ya lugha. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na Katiba ya Mpito ya mwaka huo iliteua Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi. Sokoni na mitaani, hata hivyo, watu wengi wa Juba huelewana kwa Kiarabu cha Juba, lugha ya krioli ambayo mizizi yake imo katika kambi za askari na wafanyabiashara za karne ya 19. Ndugu yake ni Kinubi kinachosemwa Kibera nchini Kenya na Bombo nchini Uganda. Nyumbani husemwa Kibari, Kidinka, Kinuer, Kizande na lugha nyingine nyingi. Baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, walirudi watu waliokulia ukimbizini, kwa mfano katika kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992. Wengine walirudi na Kiswahili. Wafanyabiashara wa Kenya na Uganda nao waliingia. Mwaka 2016 nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana.

Mbunifu wa Juba, basi, ana lugha nyingi za kuchagulia jina, na jukwaa la kuonyeshea kazi limewahi kuwapo. Mwaka 2012 Akuja de Garang alianzisha mjini humo tamasha la mitindo na sanaa kwa ajili ya amani.

Njia ya kwanza ni kutumia jina la ukoo. Mfano unaofahamika sana ni wa Alek Wek, aliyezaliwa Wau mwaka 1977, akakimbilia London mwaka 1991 na baadaye kuwa mwanamitindo mashuhuri. Alipoanza kubuni mikoba aliiita Wek 1933. Wek ni jina la ukoo wake, na 1933 ni mwaka aliozaliwa baba yake. Kwa mnunuzi wa New York jina hilo ni la kigeni tu na halimfungi mwenyewe kwa lolote. Kwa mtoto wa mkimbizi ni kumbukumbu ya mzazi.

Jina la mtu, hata hivyo, halikai mikononi mwa mwenyewe daima. Edward Saidi Tingatinga alifariki Dar es Salaam mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza kuchora. Wanafunzi na ndugu zake waliendelea na mtindo wake, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika chenye jina lake. Leo "tingatinga" ni nomino ya kawaida inayotaja aina ya picha, na mchoraji mwingine huweza kutia saini yake chini ya picha inayoitwa kwa jina la marehemu. Waliosoma nasi semantiki wataona hapa mfano mzuri wa jina pekee linalogeuka kuwa jina la jumla, tena katika lugha ambayo tayari ilikuwa na neno "tingatinga" kwa maana ya mtambo wa kulimia na kusawazisha ardhi.

Turudi Juba. Huko jina la ukoo lina uzito mwingine. Anayesikia Lado, Wani au Poni hutambua mara moja kuwa ni majina ya Kibari. Akisikia Deng huwaza Wadinka, na akisikia Gatluak huwaza Wanuer. Wakati wa amani utambuzi huo ni sehemu ya kawaida ya kusalimiana. Vita vilipozuka mjini humo Desemba 2013, watu waliulizwa kabila lao, wengine wakatambuliwa kwa lugha au kwa chale za usoni, na wengi waliuawa kwa sababu hiyo. Baada ya mambo kama hayo, ubao wenye jina la ukoo juu ya mlango wa duka hauwezi kusomwa kwa wepesi uleule. Mwenye duka anataka kutangaza ushonaji wake, lakini mpita njia anasoma kabila.

Ndiyo maana jina lililochaguliwa na kundi la vijana wasanii mwaka 2016 linastahili kuchunguzwa. Kundi hilo, lenye wanamuziki, wachoraji, washairi na wabunifu wa mavazi, lilijiita Ana Taban, maneno ya Kiarabu cha Juba yenye maana ya "nimechoka". Waliochoka ni watu wa makabila yote, na lugha iliyotumika si ya kabila lolote. Wasanii hao walichora picha kwenye kuta za mji na kuigiza hadharani chini ya jina hilo. Kwa msemaji wa Kiswahili kuna la ziada: *taban* ni ndugu wa "taabani" yetu, ile ya "hoi bin taabani". Lakini mwanafunzi ajihadhari na *ana*. Katika Kiarabu ni "mimi", wala si kitenzi cha kumiliki kama katika "ana taabu".

Kiswahili nacho kimetoa majina ya namna hii. Mwaka 1975 karakana ya shanga za udongo ilianzishwa Nairobi kwa jina Kazuri. Hapo kiambishi *ka-* cha udogo kimebeba habari yote: kitu kidogo na kizuri. Mwaka 1996, katika mji huohuo, mbunifu Ann McCreath, mzaliwa wa Scotland, alianzisha nembo ya mavazi ya KikoRomeo. Kikoromeo ni ile sehemu ya koo inayotokeza mbele. Herufi kubwa ya katikati inamfanya mgeni aone jina Romeo, huku mwenyeji akisikia neno la mwilini. Jina moja linasema na watu wa aina mbili bila kumficha yeyote maana yake.

Hatusemi kwamba jina la ukoo ni baya. Mbunifu wa Juba anayelitundika mlangoni bila woga anadai haki ambayo kila raia anastahili kuwa nayo. Hata neno la wote lina gharama zake: ni rahisi kuigwa, na halimtaji aliyeshika sindano. Tunachosisitiza ni kwamba uamuzi huu ni wa kiisimu kama ulivyo wa kibiashara. Wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti wa uwandani wangeweza kuanzia kwenye mabango ya maduka ya mafundi cherehani, wakaorodhesha lugha za majina, kisha wakawauliza wenyewe walimkusudia nani walipoyachagua.