Mkasi Ulivyobisha Hodi Chuo Kikuu

Mwaka 1928 binti wa miaka 19 kutoka Tunstall, mji wa viwanda vya vyungu katikati ya Uingereza, alipata ufadhili wa kusoma Royal College of Art jijini London. Aliitwa Muriel Pemberton. Alipokelewa kwenye uchoraji, kumbe moyo wake ulikuwa kwenye nguo. Chuo hakikuwa na masomo ya kubuni mavazi, na profesa wake, Ernest Tristram, alimjibu kwa namna ambayo mwanafunzi mwingine angeiona ni ya kumfukuzia mbali: basi katunge mtaala wako mwenyewe.

Akautunga. Kuchora aliendelea nako chuoni. Ili ajue nguo inavyozaliwa, alikwenda Reville, mafundi waliokuwa wakimshonea Malkia Mary, akajifunza katika karakana yao. Kukata kitambaa alikufuata kwenye shule ya ufundi mjini. Mwaka 1931 chuo kikampa stashahada ya mavazi, ya kwanza kuwahi kuitoa. Ukichukua leo ratiba ya mwanafunzi wa ubunifu wa mavazi popote duniani, utakuta michoro, ukataji na mafunzo kazini, vitu vilevile alivyoviunganisha msichana huyo kwa sababu hakuwa na wa kumfundisha.

Kufundisha ushonaji darasani hakukuanzia kwake. Paris ilikuwa na shule tangu 1841, ilipofunguliwa na fundi Alexis Lavigne, na shule hiyo ingali hai kwa jina la ESMOD. New York nako, shule ambayo baadaye iliitwa Parsons ilianza kufundisha ubunifu wa mavazi mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini hizo zilikuwa shule za kazi. Ulitoka pale na mkono mwepesi na jina la fundi aliyekufunza, na mwenye duka hakuuliza zaidi. Swali la shahada, yaani kama mtu anayejua bega la koti linakaaje anastahili cheti sawa na cha anayejua sheria au historia, lilizua ugomvi wake mkubwa London.

Pemberton hakuungoja ugomvi huo. Mwaka uleule wa 1931 alianza kufundisha St Martin's School of Art, akajenga idara ya mavazi kidogo kidogo hadi alipostaafu 1975. Mikononi mwake walipita wabunifu Bill Gibb, Katharine Hamnett na Bruce Oldfield. Kwa maoni yangu hakuna mtu aliyefanya zaidi yake katika elimu hii, na bado ukiwauliza wapenzi wa mitindo jina lake, wengi watakutolea macho.

Royal College of Art ilichelewa hadi 1948 kuunda idara kamili na kuweka profesa wa mavazi. Aliyepewa kiti ni Madge Garland, mwanamke aliyekuwa mhariri katika jarida la Vogue la Uingereza na aliyejua maduka makubwa yanataka nini. Hapo ndipo viwanda vya nguo vilipoanza kuwatazama wahitimu kama watu wa kuajiriwa. Mwaka 1956 akamwachia kiti Janey Ironside, aliyewahi kuwa msaidizi wake na ambaye alikuwa na biashara yake ya ushonaji.

Wakati wa Ironside ndio uliotoa vijana walioigeuza London ya miaka ya 60. Marion Foale na Sally Tuffin walihitimu 1961, wakafungua duka jirani na Carnaby Street na kuwashonea wasichana nguo za rika lao, badala ya nguo za mama zao zilizopunguzwa kimo. Ossie Clark alihitimu 1965. Kwa kiwango chochote cha kupimia idara, ile ilikuwa miongoni mwa zilizokipa chuo jina.

Ndipo 1967 chuo kikapata hati ya kifalme na hadhi ya chuo kikuu. Sasa kingeweza kutunuku shahada. Fani ya mavazi haikuwekwa kwenye orodha ya zitakazopewa heshima hiyo. Ironside alijiuzulu 1968.

Ukiniuliza, uamuzi ule haukuwa na uhusiano na ugumu wa masomo. Kuchukua kitambaa bapa, ukikate, ukikunje, kikae juu ya mwili unaopumua na kuketi ni hesabu ngumu. Aliyewahi kushuhudia fundi akitia mkono kwenye shati la mtu mwenye bega moja lililoshuka anajua. Tatizo ni kwamba mavazi yalihesabiwa kuwa shughuli ya wanawake na mafundi cherehani, na chuo kilichokuwa kinavaa joho jipya hakikupenda kuonekana na sindano.

Mlango ulifunguliwa kwingine, tena na watu wa kamati. Tangu 1963 shule za sanaa za Uingereza zilikuwa zikitoa stashahada ya taifa ya sanaa na ubunifu, iliyokuwa na maeneo manne, na nguo pamoja na mavazi likiwa mojawapo. Mwanafunzi alilazimika kusoma pia historia ya sanaa na kuiandikia insha. Mwaka 1974 stashahada hiyo ilibadilishwa ikawa shahada kamili ya kwanza. Fundi akawa mhitimu bila kelele nyingi.

Afrika Mashariki nayo haikukawia. Mwaka 1976 Evelyn Mungai alianzisha Evelyn College of Design jijini Nairobi, na leo Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya ubunifu na masoko ya mavazi. Hata hivyo Mustafa Hassanali, aliyeanzisha Swahili Fashion Week jijini Dar es Salaam mwaka 2008, shahada yake ni ya udaktari wa tiba. Wabishi wa vyeti wana hoja hapo.

St Martin's iliongeza shahada ya uzamili ya mavazi mwaka 1978, chini ya Bobby Hillson. Miaka kadhaa baadaye akaingia ofisini kwake kijana wa mashariki mwa London, mtoto wa dereva wa teksi, aliyeacha shule akiwa na miaka 16 na kujifunza kushona suti Savile Row. Hakuja kusoma, alikuja kuomba kazi ya kufundisha ukataji. Hillson aliona ni mdogo mno kufundisha, akamshauri awe mwanafunzi, na shangazi wa kijana akamlipia ada. Kijana huyo, Alexander McQueen, alihitimu 1992. Nguo zake zote za mtihani zilinunuliwa na Isabella Blow, mhariri wa mitindo, kwa pauni 5,000 ambazo hakuwa nazo. Alilipa pauni 100 kwa wiki: mhitimu anakuja na vazi ndani ya mfuko mweusi wa takataka, Blow analikagua, kisha wanaongozana hadi mashine ya fedha ya benki.